Kinyozi wa Wodi Mbili

Shemeji yangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Taratibu, kwa sababu ukienda kukaa kwenye kiti chake ni vizuri uwe umeaga nyumbani. Kuna watu walioingia pale wakiwa wachumba wakatoka wakiwa na wajukuu, ndivyo tunavyomtania. Mimi ni mdogo wa mke wake, kwa hiyo utani huo ni haki yangu, na yeye hunijibu kwa kunipulizia usoni vinywele vilivyobaki kwenye brashi. Lakini mkono wake haujawahi kumkwaruza mtu. Wazee ambao ngozi zao zimekuwa kama karatasi humwachia shingo na kusinzia.

Kibanda chake kiko ukingoni mwa soko, upande wanakoshushia mizigo. Ni cha mbao, kina kiti kimoja cha chuma kinachozunguka, kioo, benchi la wanaosubiri, na pazia kwenye mlango wa nyuma. Ukitoka kwa mlango huo na kuvuka mtaro wa maji machafu, umefika tunapoishi: ua mmoja uliozungukwa na vyumba, bomba moja, choo kimoja, na familia moja kila chumba. Yeye na dada yangu na watoto wao wana chumba chao, mimi na wanangu tuna cha jirani, na ukuta kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya kule, huku tunamwombea afya.

Ulipofika ule ugonjwa wa kifua uliozunguka dunia, tuliambiwa tukae mbalimbali. Tulicheka kidogo. Mbalimbali, wapi? Tukaambiwa tunawe mikono kila mara, na bomba letu lilikuwa linatoa maji asubuhi tu. Kisha vibanda vya vinyozi vikafungwa kwa amri, na Taratibu akabaki nyumbani akikunja na kukunjua aproni yake kama mtu anayesubiri kuitwa.

Akaitwa kweli. Aliyemwita ni Matroni, mama mnene mwenye sauti ya chini, anayesimamia wauguzi katika hospitali kubwa iliyo mwisho wa barabara ya lami. Marehemu mume wake alikuwa mteja wa Taratibu kwa miaka mingi. Alisimama nje ya ua, barakoa imempanda hadi chini ya macho, akaeleza shida yake bila kuzunguka. Wagonjwa wengi wanaume wana ndevu. Barakoa ya oksijeni ikikaa juu ya ndevu haishiki uso, hewa inavuja pembeni, na hewa yenyewe ni ya kugombania. Wauguzi wamejaribu kuwanyoa wenyewe, lakini kazi imewazidi, mikono inawatetemeka kwa uchovu, wanakata watu.

"Nimekuja kumtafuta mtu asiye na haraka," akasema.

Dada yangu alikataa papo hapo. Alisema yeye hakuolewa ili awe mjane wa ndevu za watu. Taratibu hakubishana naye. Huwa habishani na mtu. Jioni akasema kwamba lingekuwa bomba limepasuka wangemwita fundi bomba, lakini hizi ni ndevu. Wakakubaliana, dada kwa shingo upande, kwamba akienda huko hatarudi kulala chumbani. Atalala kibandani, kwenye benchi la wateja, mpaka mambo yatulie.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula. Naweka sahani kwenye kizingiti cha nyuma, narudi upande wangu wa mtaro, yeye anasogeza pazia, anakula, na anasimulia. Haya ninayoyasema nimeyapata ng'ambo ya mtaro ule, kutoka kwa mtu ambaye kabla ya hapo ungeweza kushinda naye siku nzima asiseme zaidi ya "inamisha kichwa."

Hospitali ile ilikuwa na wodi mbili za ugonjwa huo. Wodi ya juu ilikuwa kwenye ghorofa mpya, ya wanaolipia: kila mgonjwa na chumba chake, dirisha lake, na kitanda ambacho ukibonyeza kitufe kinamwinua mtu kichwa. Wodi ya chini ilikuwa ukumbi mrefu wa zamani. Vitanda vilikuwa vimesogezwa hadi nesi anapita kwa ubavu, na mgonjwa akihitaji kuinuliwa kichwa aliwekewa blanketi lililokunjwa. Taratibu alivalishwa gauni la plastiki, glovu, miwani na barakoa mbili, akapelekwa kuanzia chini.

Kabla hajaona sura ya mtu, alisikia sauti. Oksijeni hupitishwa kwenye kichupa cha maji kabla ya kumfikia mgonjwa, ili isimkaushe koo, na maji yale hububujika. Sasa fikiria ukumbi mzima, kila kitanda na kichupa chake, vyote vinabubujika kwa pamoja. Alisema ilikuwa kama kusimama katikati ya masufuria yanayochemka bila moto. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa kazi mpaka nesi akamgusa begani akidhani ameogopa. Woga ulikuwepo, hakuficha, lakini kulikuwa na kitu kingine kikubwa kuliko woga.

"Shemeji," aliniambia jioni ile, "mtu anapumua kwa shingo. Anapumua kwa mabega, kwa tumbo, mpaka kwa vidole vya miguu. Mwili mzima umeacha mambo yake yote, unafanya kazi hiyo moja. Mimi nimeshika vichwa vya watu maisha yangu yote, na hiyo kazi sikuwahi kuiona."

Alijifunza kunyoa kwa kufuata pumzi. Nesi huiinua barakoa kidogo, yeye husubiri kifua kishuke, na katika kule kushuka ndipo wembe unapopita, mara moja, kwa upande mmoja. Barakoa inarudi. Wanasubiri mgonjwa ajaze kifua tena. Wanainua, wembe unapita. Mwingine angechanganyikiwa kwa kungoja, lakini kungoja ndiyo tabia yake. Wauguzi walikuwa wakimtazama, kichwa kimeinama na wembe ukiwa hewani, ametulia tuli, kana kwamba anasikiliza mtu anayemnong'oneza.

Mchana alipanda juu. Huko nako vichupa vilikuwa vikibubujika, sauti ileile. Hilo lilimshangaza kuliko vigae na mapazia. Alitarajia kukuta dawa nyingine, hewa nyingine, labda mashine zisizojulikana chini. Baada ya siku chache akamuuliza Matroni wanawapa nini hawa wa juu hata wengi wao wanarudi nyumbani, wakati chini kila asubuhi anakuta vitanda vimebadilisha watu.

"Juu walikuja wakikohoa," Matroni akamjibu. "Hawa wa chini wamekuja wakizama. Dawa ni zilezile, mitungi ni ileile. Siku ya kufika ndiyo si ileile."

Maneno hayo aliyarudia kwangu mara kadhaa, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli. Na kadiri siku zilivyokwenda, akaanza kuona maana yake usoni kwa watu. Mgonjwa wa juu alikuwa na daktari ambaye namba yake ya simu iko kichwani. Akikohoa leo, kesho gari lipo mlangoni. Kila mmoja alikuwa na kidude chake cha kubana kidole, kidogo kama kibanio cha nguo, kinachoonyesha namba ya hewa iliyomo kwenye damu. Namba ikishuka kidogo tu, watu wanakimbia. Chini kidude kilikuwa kimoja, kilichokaa mfukoni mwa nesi na kutembea kidole hadi kidole.

Na kila mtu wa chini alikuwa na safari yake. Kulikuwa na mlinzi wa ghala aliyekohoa zamu baada ya zamu, kwa sababu bosi wake alishasema anayekosa kazi asirudi. Kulikuwa na mama aliyekaa na homa akingoja ndugu wa kumwachia watoto, na ndugu naye alikuwa na homa. Wengine walifika hadi getini wakaambiwa walete karatasi ya zahanati kwanza. Wakaenda zahanati, wakakuta imefungwa, nesi wa huko naye anaumwa. Wote walikuwa wamechelewa, na katika wote hao Taratibu hakumwona mzembe hata mmoja.

Kisha akaletwa Winchi.

Winchi alikuwa mpagazi wa pale sokoni, mtu mrefu mwenye mabega kama mlango. Jina hilo alipewa kwa sababu magunia waliyoyainua wenzake wakiwa watatu, yeye aliyainua huku akiongea na mtu mwingine. Kila wiki alikuja kwa Taratibu kunyolewa mashavu na kidevu, lakini masharubu yake hayakuguswa ila kwa mkasi mdogo, na yeye mwenyewe akiyasimamia kwenye kioo. Siku hiyo wenzake walimleta hospitali kwenye mkokoteni wake mwenyewe, ameketi wima kwa sababu kulala hakuweza. Siku chache kabla alikuwa amefika getini kwa miguu yake, akaambiwa habari ya karatasi. Akarudi kazini. Kulikuwa na mzigo wa mabati umefika, na mzigo haungojei mtu apone.

Taratibu alimkuta kitanda cha karibu na mlango. Walitazamana. Alipomaliza mashavu, kwa kungoja sana maana pumzi zilikuwa fupi na za haraka, Winchi aliinua kidole, akakigusa kwenye masharubu, akakitikisa: hapana. Taratibu akaitazama barakoa, akaipima kwa macho. Masharubu yangekaa ndani yake bila kugusa ukingo.

"Hayo nayaacha," akamwambia. "Hayo ni yako."

Winchi hakuwa na pumzi ya kusema neno. Alicheka kwa macho. Kesho yake, Taratibu alipoingia, kitanda kile kilikuwa na mtu mwingine.

Jioni hiyo pazia halikusogea. Nilisimama upande wangu wa mtaro mpaka chakula kikapoa, na dada yangu akaja akasimama karibu yangu, na wake wa wapagazi walikuwa wakilia upande wa pili wa soko. Mwishowe alitoka, akaketi kizingitini pembeni ya sahani. Hakuwa na hasira kama nilivyotegemea. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa mno asijue akiweke wapi. Alisema mtu yule aliinua kila kitu kilicholetwa sokoni kwa miaka yote ile, na kilichokuja kumshinda ni hewa, ambayo haina uzito. Alisema tena kwamba Matroni alimwambia angepokewa siku ile ya getini wangekuwa na la kufanya.

Huko juu kulikuwa na mgonjwa aliyeitwa Mwenye Mabati, kwa sababu ndiye mwenye duka kubwa la mabati ya kuezekea, lile la pale njia panda. Alikuwa na ndevu nzuri, nyeupe, zilizochongwa, na kila Taratibu alipoingia na mkoba wake alimfukuza kwa kiganja. Ndevu hizo alikuwa amezifuga tangu alipomzika baba yake. Alilala akitazama namba kwenye kidole chake kama mtu anayetazama saa ya basi. Taratibu hakumlazimisha. Aliingia kila siku, akasalimia, akafukuzwa, akatoka. Mpaka siku moja namba iliposhuka, na mzee mwenyewe ndiye aliyemwita kwa kile kiganja.

Akamnyoa. Katikati ya kazi, barakoa ikiwa imerudishwa na wote wakingoja, mzee akauliza hali ya huko chini ikoje. Alikuwa akisikia magurudumu ya vitanda tu. Taratibu si mtu wa kutia chumvi wala wa kupunguza. Akamwambia kuna watu wengi, na kwamba Winchi wa sokoni amefariki.

"Yule mwenye masharubu?" mzee akauliza. "Alishusha mzigo wangu kabla sijaugua." Akavuta pumzi kadhaa, kisha akasema, "Alikuwa anakohoa. Nilimwambia asikohoe karibu yangu."

Taratibu akangoja kifua kishuke, akaendelea.

Mwenye Mabati alipona. Siku ya kuruhusiwa, uso wake mtupu ukiwa mdogo kama wa mtu mwingine, alimpa Taratibu mfuko wa vitu asivyovihitaji tena: ndala mpya, chupa ya chai, machungwa, taulo. Taratibu akashukuru, akaja nao kibandani. Alipokuwa akitoa machungwa ili nimgawie dada, mkono wake ukagusa kitu chini kabisa, kimefungwa ndani ya taulo. Kilikuwa kile kidude cha kidole.

Alikigeuza huku na huku. Akakibana kwenye kidole chake mwenyewe, namba ikawaka. Akaniita nisogee karibu kuliko tulivyozoea, akaniwekea kwenye kizingiti, akarudi nyuma, nami nikakibana. Nilikuwa nimeishi na damu yangu miaka yote, na hapo kwa mara ya kwanza ikawa inaniambia habari zake kwa taa nyekundu.

Kesho yake alikipeleka kwa Matroni, akitaka kukitoa kiwe cha pili cha wodi ya chini. Matroni alikishika akafikiri, kisha akamrudishia. Akasema kikikaa hapa kitawapima waliokwisha kuchelewa. Akamfundisha: mkono uwe na joto, kidole kisiwe na rangi ya kucha, mtu atulie kwanza, na namba ikianguka chini ya tisini na nne asingoje chochote. Taratibu akamkumbusha habari ya geti na karatasi. Matroni akatoka naye hadi getini, akamwambia mlinzi mbele ya watu waliokuwa wamesimama pale:

"Atakayekuja na kinyozi, ana karatasi. Karatasi yake ni mimi."

Basi asubuhi akawa hospitali, na kuanzia mchana akawa kibandani. Hakunyoa mtu, amri ilikuwa bado ipo. Alikitoa kiti nje, chini ya bati la mbele, akakipangusa kwa spiriti kila mtu alipoinuka, na kazi yake ikawa kubana vidole. Siku za mwanzo walikuja wa kutania. Ua wetu wote ulikwenda, hata watoto, na kila mmoja alishangilia namba yake kama amefaulu mtihani.

Kisha akaja Mama Cherehani, fundi nguo wa pale kona, mama wa watoto watatu anayewalea peke yake. Alikuja akicheka, akisema anataka kujua kama bado yu hai. Namba ikaonyesha themanini na kidogo. Taratibu akabadilisha kidole. Akamsugua mkono upate joto. Akajipima mwenyewe ili aone kama kidude kimeharibika, na kilikuwa kizima. Mama Cherehani alikuwa bado anacheka. Alisema hana tatizo lolote ila uchovu, na uchovu ni ndugu yake wa damu. Lakini kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau, na maneno aliyasema mawilimawili, akivuta hewa katikati, bila yeye mwenyewe kujua.

Tulikuwa tumesimama ng'ambo, mimi na dada yangu, na tukaona Taratibu akipiga magoti mbele ya kiti chake ili macho yao yawe sawa. Alimwambia aende hospitali sasa hivi. Kicheko kikaisha. Akasema hawezi. Kuna nguo za watu hazijaisha, kuna cherehani ambayo akiiacha chumbani haitakuwepo akirudi, na watoto atawaacha na nani? Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba kule watu hawarudi.

Hapo dada yangu, yuleyule aliyekataa kuwa mjane wa ndevu, akasema kwa sauti ng'ambo ya mtaro:

"Watoto wako wanakuja kwangu. Na hiyo cherehani nitaikokota mwenyewe mpaka chini ya kitanda changu. Nenda."

Tuliwapa watoto wale chumba changu peke yao, mimi na wanangu tukahamia kwa dada, tukalala kama samaki kwenye kopo. Wapagazi wenzake Winchi walileta mkokoteni, wameutandika godoro. Mama Cherehani akakataa kupanda; alisema yeye si gunia. Alikwenda kwa miguu, polepole, mkono mmoja kwenye ukingo wa mkokoteni, Taratibu mbele, wapagazi nyuma, na watu wakatoka vibandani kutazama.

Taratibu alinisimulia walivyofika. Matroni alikuwa mezani kwake kwenye mlango wa wodi ya chini, anaandika, na hakuinua kichwa mpaka aliposikia ndala. Wodi ile ilikuwa imezoea magurudumu na watu wa kubebwa. Aliinuka. Mama mzito yule aliinuka wima kabisa, kama watu wanavyoinuka akiingia mtu mkubwa, akamtazama fundi nguo akija kwa miguu yake katikati ya vitanda.

"Karibu, mama," akasema. "Karibu sana."

Mama Cherehani alibubujikiwa na kichupa chake siku nyingi kidogo, akarudi amekonda, akakuta cherehani imetiwa mafuta. Habari yake ilipita mtaani kuliko tangazo lolote la redio. Mtu ameingia kule, na ametoka.

Sasa ndipo nilipoyaona kwa macho yangu mwenyewe, na mpaka leo nikiyafikiria nashikwa na bumbuwazi. Kila mchana watu walijipanga kutoka kibanda cha kinyozi hadi karibu na mizani ya soko, kila mmoja mbali na mwenzake, kimya. Sisi, watu wa mtaa wetu, ambao hata foleni ya maji hatuimalizi bila ndoo kurushwa. Wauza mboga, mafundi baiskeli, wasichana wa kazi za ndani waliokuja na mifuko ya sabuni ya mabosi wao, walinzi wakitoka zamu. Upande mmoja mikokoteni imepangwa, imeoshwa, na wapagazi wamekaa juu ya mishikio wakingoja, bila aliyewaamuru. Mtu anaketi, ananyoosha kidole, na mtaa mzima unashusha pumzi au unaishika pamoja naye. Namba ikiwa mbaya, Taratibu hakusema kwa sauti. Aliwatazama wapagazi tu. Nao walikuja, wakamsogezea mtu mkokoteni kama gari la bwana harusi.

Si wote waliokubali. Mzee mmoja wa ua wa pili alijifungia, akasema akifa afe akiwa na kitasa chake mwenyewe, na ndivyo ilivyokuwa. Si wote waliokwenda walirudi pia. Lakini Taratibu alisema wodi ya chini ilibadilika. Alianza kuwakuta watu wameketi. Alianza kuwakuta wakizungumza, kitanda kwa kitanda, wakilalamika kwamba chai haina sukari, blanketi linawasha, nesi wa asubuhi ana mikono ya baridi. Siku moja alimkuta Matroni amesimama mlangoni, macho yana maji juu ya barakoa, akadhani kuna msiba. Matroni akamwambia asikilize. Vichupa vilikuwa vikibubujika kama kawaida, na juu yake ukumbi mzima ulikuwa unanung'unika. Alisema tangu aanze kazi hajawahi kusikia malalamiko matamu namna ile.

Mwenye Mabati alirudi dukani kwake, na ndevu zikaanza kurudi. Kuna siku Taratibu alikutana naye njia panda, wakasalimiana vizuri, kila mtu akaenda zake. Nilimuuliza kwa nini hakumuuliza kama kile kidude alikiweka kwenye mfuko kwa makusudi, au kilijifungia tu ndani ya taulo.

"Nikimuuliza akaniambia alikisahau," akasema, "itabidi nimrudishie."

Mwisho wa yote aliruhusiwa kurudi chumbani kwake. Dada yangu alimchemshia maji ya kuoga ya kutosha watu wanne, akamsugua mgongo akimtukana kwa upole mlangoni mwa bafu, na sisi wengine tukajifanya hatusikii. Vibanda vikafunguliwa. Kidude akakipeleka kwa wanawake wa mtaa wa bondeni, ambako ugonjwa ulikuwa ndiyo kwanza unapamba moto, akawafundisha mambo ya mkono wa joto na kucha zisizo na rangi. Wao walipomaliza nacho wakakipitisha kwa mwalimu mmoja ng'ambo ya reli, aliyeweka kiti mlangoni mwa darasa. Baada ya hapo tulisikia kiko kwa mafundi seremala wa barabara ya juu, kisha kwa muuza maji ambaye hatumjui, tukaambiwa kimebadilishwa betri na kibanio chake kimefungwa kwa uzi. Juzi mwanamke mmoja aliyekuja kununua ndoo sokoni, wa kutoka mbali kweli, alipita mbele ya kibanda akimsimulia mwenzake kwamba kwao kuna kidude kidogo cha kubana kidole, na kwamba mama yake alikwenda hospitali kwa miguu.

Taratibu alikuwa ananyoa mtu. Alinyamazisha mashine, akasikiliza mpaka wakapita.